Dawa Inapozidisha Maumivu



Wiki hii tumeiweka kando mada ya mirathi tuliyokuwa tukiiendeleza. Tutairejea wiki ijayo inshallah. Imetufikia barua ya msomaji wetu mmoja wa kike, na tumeona haifai kungoja, kwa kuwa yaliyomo ndani yake huenda yanatokea usiku huu huu katika nyumba nyingine isiyojua pa kuuliza.

Aeleza dada yetu huyu kwamba mamake alipasuliwa kuondolewa kizazi. Siku ya kwanza alitulia. Siku ya pili maumivu yalirudi, akaongezewa dawa. Siku ya tatu akaongezewa tena, na badala ya kupungua, maumivu yakazidi na kutambaa: yaliyokuwa kwenye mshono yakaenea kiunoni na mapajani, hata shuka ikimgusa mguu alipiga ukelele. Hapo familia ikagawanyika. Kaka mkubwa alitaka kwenda duka la dawa kununua tramadoli, ampe mamake kwa siri juu ya zile za hospitali. Shangazi akasema wifi yake ameshaionja ladha ya ulevi na sasa anaitafuta. Mjomba naye akamkumbusha dadake kwamba wanawake wa zamani walijifungua juu ya mkeka bila ya sindano, basi na astahimili. Mwisho wa barua dada yetu auliza: je, yamkini dawa yenyewe ndiyo inayomuumiza mama?

Jawabu fupi ni kwamba yamkini. Lipo jambo hilo, limeandikwa na matabibu kwa zaidi ya miaka mia moja, na lina jina lake. Walakini si jambo la kwanza kulidhania, wala si sababu ya kuikimbia dawa. Sisi si matabibu, na ukurasa huu si chumba cha daktari. Tumeyasoma waliyoyaandika wenye fani yao, na tutayaeleza kadiri ya yanayomfaa mtu aliyekaa kando ya kitanda cha mgonjwa wake.

Tuanze na lililo muhimu kuliko yote. Maumivu yanayozidi siku ya pili au ya tatu baada ya upasuaji yapasa kwanza kuchunguzwa chanzo chake. Huenda kidonda kimeingia usaha. Huenda damu yavuja ndani. Huenda kibofu kimejaa na mkojo hautoki, au matumbo yamesimama, au damu imeganda katika mshipa wa mguu. Mgonjwa akiwa na homa, mshono ukawa mwekundu na kuvimba, tumbo likawa gumu kama ubao, mguu mmoja ukafura, au pumzi ikawa fupi, basi hilo si la kujadiliwa na ndugu kwenye veranda. Aitwe daktari saa hiyo hiyo. Maumivu ni mjumbe, na mjumbe hanyamazishwi kabla ya kuulizwa ametumwa nini.

Daktari akishachunguza asione usaha wala damu, na mgonjwa angali analalamika kila aongezewapo dawa, ndipo hufika zamu ya swali la dada yetu.

Dawa tunazozizungumza ni zile za jamii ya afyuni, ambayo wazee wetu wakiiita kasumba. Ndani ya jamii hiyo mna mofini, pethidini, fentanili, tramadoli, methadoni, na heroini ambayo vijana wetu huiita unga. Baadhi zatokana na utomvu wa mmea wa mpopi, nyingine zimetengenezwa maabarani, lakini zote hugonga mlango mmoja mwilini. Parasetamoli, ibuprofeni na diklofenaki hazimo katika jamii hiyo, na hatuzikusudii hapa.

Afyuni si ngeni kwa matabibu wa Kiislamu. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliihesabu kuwa yenye nguvu kushinda dawa zote za kufisha ganzi. Katika kitabu chake cha Kanuni ya Tiba aliyatenga matibabu ya maumivu katika mafungu: yapo yanayoondoa sababu ya maumivu, yapo yanayolainisha, na yapo yanayoifisha hisia tu. Hili la mwisho aliliwekea tahadhari, kwa kuwa hisia hufa kwa muda ilhali sababu ingali hai.

Mwanzoni mwa karne ya 19, mfamasia wa Ujerumani aliyeitwa Friedrich Sertürner aliitoa mofini kutoka katika afyuni. Mwaka 1853 daktari Alexander Wood wa Edinburgh akaanza kuitumia sindano kuiingiza mofini chini ya ngozi. Ilionekana kuwa ni faraja isiyokuwa na mfano. Hazikupita hata miaka ishirini, daktari wa Kiingereza Clifford Allbutt, yule yule aliyetuachia kipimajoto kifupi cha kupimia homa, akaandika mwaka 1870 kuhusu wagonjwa wake waliozoeshwa sindano hizo. Aliona kwamba maumivu yao hayakuisha. Kinyume chake, alishuku kwamba sindano yenyewe ilikuwa ikiyalea maumivu iliyokusudiwa kuyaondoa. Maneno yake hayakupata wasikilizaji wengi, na karne nzima ilipita kabla ya jambo hilo kuchunguzwa kwa vipimo.

Madaktari wa leo huliita haipaljesia, yaani hali ya mwili kuhisi maumivu kupita kiasi cha kile kinachoumiza. Inapoletwa na dawa za jamii ya afyuni, maana yake ni kwamba dawa iliyotumwa kuyapunguza maumivu imeufanya mwili uwe mwepesi zaidi wa kuumia.

Vipi litokee jambo kama hilo? Tuchukue mfano wa kipaza sauti cha msikiti. Mtu akikifunika kwa kitambaa kizito, sauti hufifia. Fundi aliye ndani, asiposikia sauti ikitoka, huongeza nguvu ya mashine. Kitambaa kikiongezwa, naye huongeza. Halafu siku moja kitambaa kikaondolewa ghafla, na mtaa mzima ukaziba masikio. Mwadhini ni yule yule na koo lake ni lile lile. Kilichobadilika ni mashine.

Ndivyo ilivyo mwilini. Habari za maumivu hupita katika mishipa ya fahamu, zikaingia uti wa mgongo, kisha zikapanda ubongoni. Dawa ya jamii ya afyuni hushika vipokezi vilivyoko njiani na kuzifinya habari hizo. Lakini mwili haupendi kuzibwa masikio. Katika chembe za uti wa mgongo kuna milango mingine, ambayo wataalamu huiita vipokezi vya NMDA, na hiyo huwa myepesi zaidi kufunguka. Ubongo nao, ambao kwa kawaida huteremsha amri za kuyapunguza maumivu, waweza kugeuka ukateremsha amri za kuyakuza. Dawa ikiwa nyingi au ikiwa ya muda mrefu, nguvu hizi mbili hushindana. Dawa ikipungua mwilini, ile nguvu ya kukuza hubaki peke yake, na mguso wa shuka ukawa kama mguso wa moto.

Upasuaji ndio mahali ambapo jambo hili limepimwa vizuri, kwa sababu dawa hutolewa nyingi kwa saa chache na kila tone huandikwa. Mwaka 1999 madaktari wa Taiwan waliwachunguza wanawake waliopasuliwa kuondolewa kizazi. Waliopewa fentanili nyingi wakati wa upasuaji ndio walioumwa zaidi katika saa zilizofuata, na ndio waliohitaji dawa zaidi kuliko wenzao waliopewa kidogo. Mwaka 2000 madaktari wa Ufaransa walichapisha uchunguzi wa wagonjwa 50 waliopasuliwa utumbo mpana. Nusu walipewa kwa wingi dawa iitwayo remifentanili, ambayo ina nguvu sana na huondoka mwilini kwa dakika chache, na nusu walipewa kidogo. Katika saa 24 za baadaye, wale wa dawa nyingi walitumia kiasi cha miligramu 59 za mofini, na wale wa dawa kidogo miligramu 32. Mwaka 2005 Wafaransa walirudi tena na wagonjwa 75. Safari hii waliigusa ngozi pembezoni mwa kidonda kwa nyuzi laini, wakaona kwamba eneo linalouma kwa mguso lilikuwa pana zaidi kwa waliopewa dawa nyingi. Na waliochanganyiwa ketamini kidogo, dawa ambayo huifunga ile milango ya NMDA, walisalimika kwa kiasi kikubwa.

Hapa yatupasa uadilifu, tusije tukaitisha watu. Mwaka 2014 chunguzi 27 zenye wagonjwa 1,494 zilikusanywa na kupimwa pamoja. Ilithibiti kwamba dawa nyingi wakati wa upasuaji huzidisha maumivu baadaye, lakini tofauti haikuwa kubwa mno: saa ya kwanza ilikuwa takriban pointi 9 katika kipimo cha pointi 100, ikawa ikipungua kadiri saa zilivyopita. Tena ushahidi mwingi ulihusu remifentanili, ambayo si dawa ya kila hospitali kwetu. Mabingwa wenyewe wangali wanajadiliana ni kiasi gani cha maumivu hayo kinatokana na haipaljesia, na ni kiasi gani kinatokana na mwili kuizoea dawa tu. Kwa hivyo kila mgonjwa anayelia baada ya upasuaji asiambiwe kwamba dawa imemgeukia. Wengi wao wanalia kwa sababu hawakupewa dawa ya kutosha.

Na hilo ndilo dhulumu kubwa zaidi katika nchi za kwetu. Tume ya jarida la tiba la Lancet ilikadiria mwaka 2017 kwamba katika tani 298.5 za dawa za jamii ya afyuni zinazogawanywa duniani kwa mwaka, kwa kipimo cha mofini, nchi maskini kabisa hupata tani 0.1 tu. Wako watu wanaokufa kwa saratani wakiuma mto kwa kukosa mofini ya bei ndogo. Asitokee mtu akaikata makala hii na kwenda kumpokonya mgonjwa wa saratani chupa yake ya mofini. Huyo atakuwa ametusoma kinyume.

Sasa turudi kwa wale jamaa watatu wa barua, kwa kuwa kila mmoja wao ana wenzake katika nyumba zetu.

Kaka mkubwa ameongozwa na mapenzi, na mapenzi yasiyo na elimu yaweza kuua. Yeye amefikiri kwamba dawa ya moto ni moto. Ni kweli kwamba mwili huizoea dawa, kipimo cha jana kikawa hakitoshi leo, na daktari akiongeza, maumivu hutulia. Katika haipaljesia mambo ni kinyume: kuongeza ni kuumia zaidi. Mtu wa nyumbani hawezi kuzitofautisha hali hizi mbili kwa macho, na hata daktari huhitaji kufuatilia. La hatari zaidi ni kwamba dawa ile ile iliyoshindwa kuyatuliza maumivu haishindwi kuipunguza pumzi. Mgonjwa aliyepewa mofini na muuguzi, akaongezewa tramadoli na mwanawe, kisha kidonge cha usingizi na jirani, aweza kulala akiwa na maumivu asiamke tena. Tramadoli ikizidi pia yaweza kuleta kifafa. Kidonge cha siri humfanya daktari apige hesabu kwa tarakimu zisizo za kweli.

Shangazi amechanganya mambo ambayo matabibu wameyatenga. Uraibu ni maradhi ya mtu kuitamani dawa na kuifuata hata inapomharibia maisha yake. Kuuzoea mwili dawa si uraibu. Kuumia zaidi kwa sababu ya dawa si uraibu. Mgonjwa wa siku ya tatu anayeitazama saa akingoja sindano, aghalabu anangoja nafuu, si raha. Kumbandika jina la mlevi mama aliyepasuliwa ni kuichafua heshima yake kwa dhana, nasi twajua uzito wa dhana mbaya. Matokeo ya jina hilo tunayaona: mgonjwa hunyamaza, hakohoi kwa kuogopa kidonda, hainuki kitandani, na kutoinuka kukaleta kichomi cha mapafu na damu kuganda miguuni.

Mjomba amelitaja neno tukufu la subira, lakini hakuliweka mahali pake. Wahenga wa pwani walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Subira ni ya mtu mwenyewe juu ya lisiloondoleka, si kisingizio cha walio salama kumnyima mwenzao linaloondoleka. Kujitibu ni jambo tuliloelekezwa na dini yetu. Na kwa wale wanaouliza kama mofini ni haramu kwa kuwa inalevya, jawabu la wanavyuoni lajulikana: mgonjwa mwenye haja, kwa mkono wa tabibu, ana ruhusa. Pamoja na ruhusa hiyo ipo kanuni ya pili ya fiqhi, kwamba dharura hupimwa kwa kadiri yake. Tumestaajabu kuona jinsi kanuni hiyo inavyoafikiana na waliyoyapata matabibu: kipimo kidogo kinachotosha, kwa muda unaohitajika, kisha kupunguza kwa utaratibu.

Basi la kufanya ni lipi? Twalitaja kwa mpangilio wa siku zenyewe.

Kabla ya upasuaji, omba kuzungumza na daktari wa nusukaputi. Huyo ndiye anayeshika hatamu za maumivu yako, na watu wengi huingia chumba cha upasuaji bila kumjua hata kwa sura. Mwambie dawa zote unazotumia, pamoja na vidonge vya mgongo ulivyovimeza mwaka mzima na ulivyopewa na jirani. Mwambie kama upasuaji uliotangulia ulikuacha na maumivu yasiyokwisha. Muulize: je, sindano ya mgongoni yafaa kwangu, au ganzi ya sehemu ile tu? Je, nitapewa dawa za aina tofauti kwa pamoja, ili ile ya jamii ya afyuni iwe kidogo? Maswali haya si utovu wa adabu. Utaratibu wa kuchanganya njia ndogo ndogo badala ya kuitegemea njia moja kubwa ndio unaopendekezwa leo: parasetamoli kwa saa maalumu, diklofenaki au ibuprofeni kwa asiye na vidonda vya tumbo wala maradhi ya figo, dawa ya ganzi kwenye kidonda au kwenye mishipa ya fahamu, na mofini kwa yale yanayobaki. Ketamini kidogo, kwa uamuzi wa daktari, ni dawa ya zamani na ya bei nafuu. Imo katika orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya Duniani.

Baada ya upasuaji, mlinzi wa mgonjwa awe shahidi mwema. Asimwambie muuguzi "mama anaumwa sana" akanyamaza. Aeleze: yanauma wapi, na jana yaliuma wapi. Ni ya kukata, ya kuchoma, au ya kuwaka? Mguso mwepesi wauma? Sindano ilipigwa saa ngapi, na saa moja baadaye maumivu yalipungua, yalibaki, au yalizidi? Karatasi ndogo yenye saa na majibu haya ina thamani kuliko makelele ya jamaa kumi mlangoni. Maumivu yaliyoenea mbali na kidonda, yanayozidi kila dawa inapozidi, bila ya usaha wala homa, ndiyo yanayomfanya daktari aishuku dawa. Hapo yeye aweza kuipunguza taratibu, kuibadilisha kwa nyingine, au kuongeza msaada wa aina tofauti. Na aghalabu, kipimo kinapopunguzwa kwa utaratibu, hali hii hutulia.

Usiikate dawa ghafla kwa uamuzi wako. Aliyeitumia kwa siku nyingi kisha akaikata siku moja hupatwa na jasho, tumbo la kuendesha, kukosa usingizi na maumivu mapya, akadhani maradhi yamerudi. Na nyumbani, parasetamoli isizidi gramu 4 kwa siku kwa mtu mzima, yaani vidonge vinane vya miligramu 500, kwani ikizidi huharibu ini. Vidonge vilivyobaki visiwekwe kabatini kungojea mgonjwa mwingine. Virudishwe duka la dawa au hospitali.

Limebaki kundi moja ambalo barua haikulitaja, nasi hatuwezi kuufunga ukurasa bila kulisema, kwa kuwa liko katika mitaa yetu na tumezoea kulipita kwa macho ya pembeni. Ni vijana wetu walioingia katika unga, na wale walioshika njia ya kutoka. Mwaka 2015 zilifunguliwa zahanati za methadoni Malindi na Kisauni, na wapo wanaokwenda huko kila asubuhi kunywa kipimo chao. Methadoni ni ya jamii ile ile ya afyuni. Uchunguzi umefanywa ambapo watu wanaoitumia kwa muda mrefu waliombwa watie mkono katika maji ya barafu na kuuacha humo kadiri wanavyoweza. Waliutoa mapema kuliko watu wengine. Miili yao imekuwa myepesi wa kuumia.

Fikirini basi kijana huyo amevunjika mguu kwa bodaboda, akalazwa. Analia kuliko jirani yake wa kitanda cha pili aliyevunjika vivyo hivyo. Anayemhudumia husema ni mbinu ya kutafuta dawa, mamake huinamisha uso kwa haya, na wenzake wa msikitini hawaji kumzuru. Ilhali ukweli ni kwamba huyu, kwa maana halisi ya mwili, anaumia zaidi ya jirani yake.

Tena kuna kosa linalorudiwa: hudhaniwa kwamba methadoni aliyokunywa asubuhi imeshamtosha kwa maumivu. Sivyo. Methadoni huizuia arosto kwa siku nzima na zaidi, lakini uwezo wake wa kutuliza maumivu hudumu kwa saa 4 hadi 8 tu. Matabibu wanaosoma jambo hili wanashauri kwamba kipimo chake cha kila siku kiendelee akiwa hospitalini, hospitali ikiwasiliana na zahanati kukithibitisha, na maumivu ya kuvunjika yatibiwe kando, kwa zile njia nyingi tulizozitaja. Kumkatia methadoni ili "ajifunze" ni kumrudisha kwenye unga kwa mikono yetu. Mzazi mwenye kijana wa namna hii asimfiche kwa daktari kwa kuogopa aibu. Siri hiyo ndiyo itakayomfanya apewe kipimo kisichomfaa, pungufu au cha kuzidi.

Katika haya yote twaona jambo moja. Maumivu hayana mizani ya kuyapima kutoka nje. Daktari hana kipimo chake cha damu, jamaa hana macho ya kuyaona, na dawa yenyewe yaweza kuyabadilisha. Shahidi pekee ni mwenye mwili. Shahidi huyo asikilizwe kabla ya kuhukumiwa, aulizwe kwa upole, na maneno yake yafikishwe kwa mwenye elimu kama alivyoyasema, bila kupunguzwa kwa haya wala kuzidishwa kwa hamaki.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awape shifaa wagonjwa wetu wote, awape wauguzi wetu huruma na matabibu wetu busara, na awafungulie mlango vijana wetu wanaotaka kurudi nyumbani. Wabillahi tawfiq.